Breisi Hazili Meno. Kinachoyala Kimejificha Kandoni

"Chuma na mate haviwezani," alisema mzee mmoja barazani kwetu hapa Amu, yaani Lamu, huku akinyoosha kikombe chake kiongezwe kahawa tungu. "Chuma chashika kutu, na kutu yala jino."

Aliyekuwa akisemwa ni mpwa wangu, binti wa miaka kumi na sita, aliyepita hapo na mkoba wa shule, akatutolea shikamoo, na meno yake yakametameta juani. Wa pili akadakia kwamba kuna binti wa jirani zao kule Malindi aliyevuliwa breisi akabaki na madoa meupe kama chokaa. Wa tatu akasema dawa yake ni kusugua kwa mkaa na ndimu. Mimi nilikuwa na halwa mdomoni, sikuwahi kujibu. Najibu hapa.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi tunakisema bila kukijua. Breisi, ambazo wengine huziita waya wa meno au vyuma tu, ni vipande vitatu vinavyofanya kazi pamoja. Kila jino hubandikwa kishikizo kidogo kwa gundi maalumu. Waya mmoja mwembamba hupita kwenye vishikizo vyote, kutoka gego hadi gego. Kisha kila kishikizo hufungwa kwenye waya huo kwa kipira kidogo, vile vya rangi ambavyo vijana huvichagua kama wanachagua leso ya Idi. Waya umetengenezwa ukiwa na umbo lake, na ukipindishwa unataka kulirudia. Ukirudi polepole, unayavuta meno.

Na meno yanavutika. Jino halikukazwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Lafanana zaidi na mti uliochomekwa kwenye mchanga wa majimaji kufungia mashua: ukiusukuma kwa kishindo utauvunja, lakini ukiuegemea taratibu siku nzima, mchanga wa mbele unaachia na wa nyuma unajaza. Ndivyo ufanyavyo mfupa wa taya. Upande unaosukumwa mwili huumega, upande ulioachwa huujenga upya. Mwendo wake ni kama milimita moja kwa mwezi, ndiyo maana mtu hukaa na breisi mwaka mmoja na nusu, miwili, wakati mwingine zaidi.

Kuhusu kutu, mzee alikosea. Waya na vishikizo vya chuma hutengenezwa kwa madini yasiyoshika kutu mdomoni: kile chuma cha vijiko na sufuria nzuri, au mchanganyiko wa nikeli na titani. Kijiko alichokorogea chai asubuhi ni ndugu yao. Lakini hofu yake haikutoka hewani, maana kweli wako watu wanaovuliwa breisi na meno yakiwa yameharibika. Kilichowaharibia ndicho tunachokitafuta.

Kiswahili kina neno zuri ambalo siku hizi tumewaachia wazee: ukoga. Ni ule utando unaousikia kwa ulimi ukiamka asubuhi, kabla hujapiga mswaki, meno yakiwa kama yamevikwa kitambaa. Wengi hudhani ukoga ni mabaki ya chakula. Chakula kimo, lakini ukoga hasa ni viumbe hai, bakteria wengi wasiohesabika waliojishikiza kwenye jino kama ukungu wa kijani unavyoshika kuta za kisima. Ukiwapa sukari, wao hula, na wakila hutoa asidi. Kuna kipimo cha asidi kiitwacho pH: maji safi huwa 7, na namba ikishuka ndivyo ukali unavyozidi. Ikishuka chini ya 5.5 hivi, ganda la jino huanza kupoteza madini yake.

Mate ndiyo mkombozi. Huzimua asidi ile na kurudisha madini kwenye ganda, na kazi hiyo huyachukua kati ya dakika 20 na saa nzima. Kwa hiyo mdomo una maji kujaa na maji kupwa. Ukila kitu kitamu, asidi inajaa; ukituliza mdomo, inapwa. Anayekula kipande kikubwa cha halwa mara moja baada ya chakula amejaza maji mara moja. Anayemega kidogokidogo tangu alasiri hadi isha, akishushia chai ya sukari, hakuwahi kuyaacha yapwe. Jambo hili huwashangaza watu: jino huumizwa zaidi na hesabu ya mara kuliko uzito wa sukari.

Sasa weka breisi kwenye mdomo huo. Anayejua mikoko hahitaji kuelezwa sana. Maji yakipwa kwenye ufuo wa mchanga mtupu, taka nyingi huondoka nayo. Yakipwa mikokoni, mizizi inabaki imekumbatia kila kitu: majani, nyuzi za nyavu, mifuko, kiatu kimoja cha plastiki. Mizizi haikuleta taka hizo. Imezizuia zisiondoke. Vishikizo ishirini na zaidi, pamoja na waya na vipira, ni msitu wa mikoko uliopandwa juu ya meno yaliyokuwa ufuo. Ulimi, mashavu na mate, ambavyo kwa kawaida hufagia jino bila wewe kujua, havifiki tena mle ndani.

Na hapo ndipo madoa ya yule binti wa Malindi yalipotoka. Chini ya kishikizo ganda limefunikwa na gundi, liko salama. Ukoga hujikusanya pembezoni, hasa kati ya kishikizo na ufizi, na asidi hulifyonza ganda hapo hapo madini yake. Ganda lililopoteza madini hugeuka jeupe pepepe, bila mng'ao, kama chokaa iliyokauka. Kishikizo kikitolewa, unaona alama iliyofuata umbo lake. Si alama ya gundi wala ya chuma. Ni mwanzo wa kuoza, na kwa mdomo uliotupwa huweza kuonekana ndani ya wiki nne tu. Ukiwahiwa, hufifia kiasi kwa usafi na dawa yenye floraidi, madini yanayolikaza ganda la jino. Ukichelewa, alama hubaki, au hatimaye hutoboka.

Nilikuwa nayajua haya kwa kusoma. Kuyaona niliyaona kwa mabuyu.

Wiki chache baada ya kufungwa breisi, mpwa wangu alirudi jioni kutoka uwanja wa Mkunguni, ulimi mwekundu kama damu. Mamake hakuuliza swali, alimnyooshea kidole tu chooni. Akaenda, maji yakasikika, akarudi akisema tayari. Nikamwita kwenye taa nikamwinua kidevu. Uso wa kila jino ulikuwa mweupe safi. Lakini kuzunguka kila kishikizo, hasa upande wa ufizi, palikuwa na ukingo mwekundu mwembamba, kama wanja uliopakwa na mtu mwenye mkono usiotetemeka.

"Lakini nimepiga, mjomba!"

Na kweli alikuwa amepiga. Alipiga pale ambapo mswaki hufika wenyewe bila kuambiwa. Rangi ya mabuyu ilikuwa imetueleza pengine pote, kwa sababu rangi hushika kwenye ukoga kuliko inavyoshika kwenye ganda safi. Madaktari wa meno wana vidonge vya kazi hiyo hiyo. Nyumbani, matone machache ya rangi nyekundu ya chakula kwenye maji yanatosha: sukutua, tema, kisha simama mbele ya kioo. Usifanye ukiwa umevaa kanzu ya Ijumaa.

Baada ya usiku ule tulijifunza upya kupiga mswaki, naye akiwa mwanafunzi na mimi nikiwa mshika taa. Fikiria mlango wa nakshi, wa zile nyumba za kale hapa mtaani. Ubao laini waupangusa kwa kitambaa mkupuo mmoja ukamaliza. Mlango wa nakshi ukiupangusa hivyo, vumbi la juu litaondoka na la mifereji litabaki, tena utakuwa umelishindilia. Lazima uingie kwa pembe, ua kwa ua.

Kwanza maji matupu, usukutue kwa nguvu kuondoa mabaki makubwa. Kisha mswaki laini. Neno laini nalikazia, kwa sababu watu hudhani chuma kinataka brashi ngumu, na brashi ngumu hula ufizi tu. Kwa meno ya juu, uinamishe nywele zake zikielekea chini, uzitie kati ya ufizi na kishikizo, uzungushe taratibu kwenye kila jino. Halafu ugeuze, uzielekeze juu kutoka chini ya waya; meno ya chini ni kinyume chake. Kisha ana kwa ana juu ya kishikizo chenyewe. Kisha upande wa ndani na sehemu za kutafunia, ambazo hazina breisi na ndizo husahauliwa. Dakika mbili ni kiwango cha meno matupu. Mwenye breisi asishangae zikifika nne au tano, hasa mwezi wa kwanza, asubuhi na kabla ya kulala. Mchana, baada ya chakula, hata kusukutua kwa maji ya kunywa ni bora kuliko kukaa kimya nacho.

Chini ya waya, kati ya kishikizo na kishikizo, mswaki wa kawaida haufiki kamwe. Pale huingia kiburashi chembamba cha kati ya meno, mfano wa kile cha kusafishia chupa ya mtoto lakini kidogo kama njiti ya kiberiti, na huuzwa kwenye maduka ya dawa ya mjini. Uzi wa meno nao una kazi, ila unahitaji sindano ya plastiki kuupitisha chini ya waya, jino baada ya jino. Waliokuwa wakishona mitepe, vile vyombo vya kale vya baharini, kwa kamba za makumbi wangeielewa kazi hii mara moja. Sisi wengine hutukana kidogo siku za mwanzo.

Ukimaliza, tema. Usisukutue tena kwa maji. Hapa ndipo wengi hupinga, kwa kuwa tumelelewa kusukutua hadi ladha ya dawa iishe. Dawa ya meno tunaitumia kwa ajili ya floraidi, na floraidi ni kama deheni, ile shahamu na chokaa inayopakwa tumbo la chombo cha baharini. Hakuna fundi anayepaka deheni kisha akaiosha. Tazama boksi la dawa: kwa mkubwa, kiasi cha floraidi kiwe kati ya 1000 na 1500 ppm, yaani sehemu hizo katika kila milioni.

Hapo huja mtu akasema floraidi ndiyo iliyowageuza meno kuwa kahawia watu wa Nakuru na Naivasha. Ni kweli kwamba maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floraidi nyingi mno, na ni kweli kwamba inatia meno madoa. Lakini madoa yale huingia utotoni, mtoto anapoyanywa maji hayo kwa miaka wakati meno yake ya ukubwani bado yanaumbwa ndani ya taya. Dawa inayopakwa juu ya jino lililokwisha kuota na kutemwa haina njia ya kufanya hivyo.

Na mswaki wa mti je? Swali hili kwetu lina heshima yake. Neno lenyewe ni la mti, na brashi ya plastiki imerithi tu jina. Ule mti, ambao wataalamu huuita Salvadora persica, una chumvichumvi na viungo vinavyopunguza bakteria, na ukitafunwa ncha unasafisha vizuri. Kwa mwenye breisi nasema hivi: endelea nao upande wa ndani, kwenye ulimi na kwenye sehemu za kutafunia. Kwa mbele usiutegemee peke yake. Nyuzi zake haziingii vizuri chini ya waya, na zikikatika hujisokota humo humo zikawa taka mpya.

Mkaa na ndimu ndiyo ushauri mbaya kuliko wote uliotoka barazani siku ile. Ndimu ni asidi, yaani unaleta mwenyewe kile ambacho bakteria wangehangaika kukitengeneza. Mkaa hukwaruza, na chembe zake nyeusi hukwama kuzunguka vishikizo. Hata dawa halali za kung'arisha zisubiri breisi zitoke: zikipakwa sasa, sehemu iliyo chini ya kishikizo haitaguswa, na utakuja kuvuliwa ukiwa na meno ya rangi mbili. Maji ya chumvi ya vuguvugu ni kitu kizuri kwa vidonda vya mashavu wiki za mwanzo, ila hayang'oi ukoga. Na ufizi ukitoa damu usiache kupiga mswaki hapo. Mara nyingi unatoa damu kwa kuwa ukoga umekaa pale, na ukisafishwa kwa upole kila siku hupoa baada ya wiki moja au mbili. Usipopoa, mwone daktari. Ukoga ulioachwa muda hugandishwa na madini ya mate ukawa mgumu kama jiwe, na huo hautoki kwa mswaki wa aina yoyote.

Chakula sitakizungumza sana, maana mwenye breisi hupewa orodha siku ya kwanza na huisahau siku ya tatu. Kigumu huvunja kishikizo: muhindi wa kuchoma kwenye gunzi lake, kokwa za mabuyu, barafu, mfupa, kashata iliyokauka. Kinachonata hung'ang'ania: halwa, tende, chingamu. Muwa hufanya yote mawili. Embe bichi la pilipili likatwe vipande vyembamba litafunwe kwa magego, lisiumwe kwa meno ya mbele. Mahamri na mbaazi za nazi hayana neno, wali na mchuzi wa samaki hauna neno. Kwa wanaotafuna mogoka au miraa, kikwazo ni saa nne za nyuzi mdomoni, na juu yake chingamu tamu na soda. Kwa breisi sijui mchanganyiko mwingine mbaya kuliko huo.

Ramadhani ina hesabu yake. Mchana wa saumu mdomo hukauka, mate hupungua, na mate ndiyo tuliyosema mkombozi. Ukoga ulioachwa kwenye daku unakaa hadi magharibi bila wa kuuondoa. Kwa hiyo mswaki wa maana kuliko yote katika saa ishirini na nne ni ule wa baada ya daku, kabla ya adhana ya alfajiri. Amka dakika kumi mapema kwa ajili yake. Usiku nao una mtego: tende za kufuturia, kisha kaimati, kisha chai, kisha kaimati tena baada ya tarawehe. Tende ile usiiache, ila ifuatishe maji, na vitu vitamu vikusanye wakati mmoja badala ya kuvisambaza usiku kucha. Siwaki, yaani ule mswaki wa mti, mchana ni ruhusa. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, ni makuruhu kwa aliyefunga baada ya jua kupinduka, kwa hiyo hutumiwa kabla ya adhuhuri. Dawa ya meno, kwa hofu ya kuimeza, wengi huiachia usiku, na usiku unaitosha kazi hiyo.

Neno moja kuhusu breisi za urembo, zile zinazobandikwa na mtu asiye daktari ili mtu aonekane tu anazo. Waya uliofungwa kwenye meno unaweza kuyasukuma, hata kama aliyeufunga hakukusudia. Hakuna aliyepiga picha ya mifupa, hakuna anayejua jino linaelekea wapi, na gundi haijulikani ni ya nini. Nchini Thailand, ambako fasheni hii iliwashika sana vijana, serikali iliipiga marufuku.

Kwa sisi wa kisiwani kuna jambo ambalo vitabu vya mijini haviligusi. Kishikizo kikibanduka Nairobi, mtu hupanda matatu. Kikibanduka Amu, kwanza boti hadi Mokowe, upande wa bara, kisha basi, na huenda safari ikaishia Malindi au Mombasa. Kwa hiyo omba nta ya breisi siku ile ile unapofungwa, na uiweke mahali pasipo na jua. Ncha ya waya ikichoma shavu, kausha pale kwa pamba, finyanga kipande cha nta uifunike. Kishikizo kilichobanduka lakini bado kinaning'inia kwenye waya usikivute. Mpigie daktari simu, mweleze ni jino lipi, naye ataamua kama kinaweza kungoja miadi. Hadi siku hiyo sehemu ile isafishwe zaidi ya zingine, maana kishikizo kinachocheza huacha nafasi ya kuingiza ukoga chini yake, mahali ambapo gundi ilikuwa inalinda.

Breisi zikitoka, kazi hupungua lakini haikomi. Mfupa uliojengwa upya bado haujakomaa, na meno yana hamu ya kurudi yalikotoka. Hupewa kifaa cha kuyashikilia, ama waya mwembamba uliobandikwa nyuma ya meno ya mbele, ambao unataka uzi na sindano vile vile, ama kifuniko cha plastiki cha kuvaa na kuvua. Hicho kisafishwe kwa mswaki na maji baridi, kwani maji moto hukikunja kisikuingie tena. Na wakati wa kula usikifunge kwenye karatasi ya shashi ukakiweka kando ya sinia. Kitatupwa pamoja na miba ya samaki, na paka wa Amu hawarudishi kitu.